Kitambaa cha Mtu Hakikanyagwi

Kibandani kwa Fundi,
Mkabala na duka la viatu.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua, au angalau mmeshazoeana. Shemeji hajambo? Wapwa zangu hawajambo? Yule mdogo bado anakataa kuvaa sweta? Mwambie mjomba wake anasema sweta haijawahi kumuua mtu, na baridi ya huko, kwa ninavyosikia, haina utani.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako ni mzima. Picha ulizotuma amezibandika kwenye mlango wa kabati, kwa hiyo siku hizi kila nikitaka shati lazima kwanza nikuangalie usoni. Mimi mgongo unauma kama ilivyo ada ya mafundi, lakini nakula, nalala, na bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani, ingawa inabidi niende nayo mlangoni kwenye mwanga.

Najua utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, na ukinikatiza unashinda. Tangu utotoni ni hivyo hivyo. Karatasi haikatizi mtu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho, ndipo upige.

Jambo lenyewe ni Pini, huyu binti yangu. Hasha, jambo lenyewe ni wewe. Unakumbuka ulipokuja mwaka juzi, ukakaa kwenye kiti cha wateja pale mlangoni, ukaninyooshea kidole na kuniambia kwamba mtoto akitaka kwenda chuoni kusomea kutengeneza magemu ya kompyuta, nimwache aende, dunia imebadilika? Sikio halipiti kichwa, nikanyamaza. Lakini kiapo nilikula, na wifi yako alikuwepo: akirudia mwaka, hata mmoja, anarudi nyumbani kukaa kwenye cherehani ya pili. Ukasema sawa. Basi haya yote nitakayokueleza, yasome ukijua kwamba mkono wako umo.

Kwanza nilidhani wanakwenda kucheza. Laiti wangekuwa wanacheza! Miaka miwili hii sijamwona Pini akicheza hata dakika tano. Kila akija nyumbani mwisho wa wiki analalamika. Mara mtu wake wa kwenye kompyuta amezama sakafuni mpaka magotini. Mara amemtoa sakafuni, nywele zimebaki chini. Siku moja alilia machozi kabisa mezani kwa sababu kivuli cha kiti kilikuwa kinaangukia upande ambao jua linatokea. Nikamwambia avute pazia. Hakucheka.

Halafu ukaja mwezi wa mlango. Wiki tatu nzima, Dada, mtoto wa watu anatengeneza mlango mmoja. Seremala wa hapa jirani hutengeneza milango minne kwa wiki, na yote inafunguka. Nilipomuuliza, Pini akaniambia mlango kufunguka si kazi, kazi ni kumfanya mtu ambaye hajawahi kuuona atake kuufungua. Nikamwambia mimi maisha yangu yote nimefungua milango bila kuitaka. Akaenda kulala bila kula.

Sasa sikiliza mtihani wao ulivyo, maana hapo ndipo nilipoingizwa mkenge. Mwisho wa mwaka wa pili kila mwanafunzi anatakiwa kuleta mtu ambaye hajacheza gemu tangu azaliwe. Mtu huyo anakalishwa mbele ya skrini, anapewa kidude chenye vitufe cha kushika kwa mikono miwili, na anaachwa. Ana robo saa ya kutoka kwenye chumba cha kwanza cha gemu. Akitoka, mwanafunzi amefaulu. Asipotoka, amefeli, na ana nafasi nyingine moja tu. Na yule aliyelitengeneza anakaa nyuma na daftari, kinywa kimefungwa. Akitamka neno, au hata akikohoa kikohozi chenye maana, amefeli papo hapo.

Pini kunyamaza! Mtoto ambaye mkunga alisema alianza kupiga kelele kabla hajatoka mzima!

Akatafuta mtu asiyejua magemu. Wifi yako, kumbe, huwa anacheza gemu la kupanga vitufe vya rangi kwenye simu yake jikoni, na mimi nikidhani anasoma jumbe za kikundi cha kanisa. Akaondolewa. Nikabaki mimi. Nikavaa koti langu la sherehe, nikafunga kibanda siku ya kazi, nikaenda chuoni kama mtu anayekwenda kukagua.

Chumba chenyewe ni kirefu, kina madawati na nyaya sakafuni kila mahali, na feni moja inayogeuka bila kuleta upepo. Mwalimu wao ni mwanamke mrefu mwenye saa kubwa mkononi, asiyecheka wala kukunja uso. Akaniambia jambo moja tu: nisiulize, nifanye kama ningefanya kweli. Akabonyeza saa. Pini akakaa nyuma yangu. Nilimsikia anavyopumua.

Skrini ikawaka, Dada, na nikaona kibanda chetu.

Sikutanii. Meza ya kukatia ile ile, na kona iliyoliwa na pasi. Cherehani mbili. Kioo chenye ufa. Futi ya kupimia imening'inia kwenye msumari wake. Mkasi tu ndio alikuwa ameutundika msumari usio wake, nikataka kumwambia, nikakumbuka kwamba mtihani ni wa kimya. Katikati amesimama kisichana kidogo chenye ndala, na ng'ambo kule kuna mlango, ule ule wa wiki tatu. Na kati ya kisichana na mlango, sakafuni, kimetandazwa kitambaa cheupe kutoka ukuta hadi ukuta, kimepigwa chaki tayari kwa kukatwa.

Unajua nilichofanya. Ungekuwa wewe, nisikusemee. Mimi nilizunguka. Nikakipeleka kisichana nyuma ya meza, nikakuta ukuta. Nikakipandisha juu ya kiti. Nikajaribu dirisha. Nikasukuma cherehani, haikusukumika, na ni vizuri, maana ni ile ya Mama. Nikarudi kwenye kioo, nikadhani labda nyuma yake kuna njia. Jasho linanitoka, vidole vimekakamaa, na nyuma yangu Pini anaandika na kupumua, anaandika na kupumua. Mara mbili nilifika ukingoni mwa kitambaa, na mara mbili nikarudisha miguu ya yule mtoto nyuma. Saa ikalia.

Pini alikuwa amesimama kabla haijamaliza kulia.

“Baba! Kwa nini hukupita?”

“Nipite wapi?”

“Si hapo, juu ya kitambaa!”

“Cha nani?”

“Cha nani vipi? Si cha mtu yeyote, Baba. Ni rangi tu hiyo.”

“Kimepigwa chaki,” nikamwambia. “Kitambaa kilichopigwa chaki kina mwenyewe.”

Wanafunzi wenzake waliangua kicheko mpaka mmoja akajikwaa kwenye nyaya. Pini akamgeukia mwalimu kumweleza kwamba baba yake ni mtu wa namna yake, kwamba mtu mwingine yeyote angepita, kwamba asihesabiwe. Nilikubaliana naye kabisa, kwa sababu sipendi kuhesabiwa. Yule mwanamke akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mchezaji hakosei. Chumba ndicho kilichokosea. Una siku nane.”

Maneno hayo ni yangu, Dada! Miaka thelathini nimewaambia wanafunzi wangu wa ushonaji, na Pini akiwa chini ya meza anaokota vifungo: suruali ikimbana mteja, mteja hana kosa, mwili ni wake, rudi ukafumue. Sasa mtu ananirudishia mimi mwenyewe, tena kwa kumfelisha mwanangu.

Nitakwambia ukweli, na usiusome kwa sauti mbele ya shemeji. Nilipotoka mle ndani, moyoni nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi. Nilishaanza kuwaza ile cherehani ya pili nitaisogeza karibu na dirisha, Pini apate mwanga. Miguu yangu ilikuwa imefanya kazi ambayo mdomo wangu ulishindwa.

Tukiwa kwenye ngazi nikamwambia kwa upole, kwa jinsi nilivyodhani ni upole, kwamba wewe mtoto umekulia kibandani, hujawahi kukanyaga kitambaa hata siku moja, ulifikirije mimi nitakanyaga? Akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, “Baba, ndiyo maana nilikiweka. Miaka yote ile, kitambaa kikiwa chini, nilizunguka meza. Kucheza nje nazunguka, kwenda shule nazunguka, wenzangu wananiita nazunguka. Nilitaka angalau humo ndani mtoto mmoja apite katikati.”

Akateremka ngazi akaniacha na koti langu la sherehe.

Furaha yangu iliishia hapo, Dada. Nilifika nyumbani nikashika tama. Wifi yako aliuliza mara moja tu, akanitazama, hakuuliza tena mpaka Jumatano.

Siku ya tatu Pini akaja kibandani, siku ya kazi, wateja wawili wamekaa wanasubiri. Hakunisalimia vizuri. Akachukua kitambaa cheupe kwenye rafu, akakitandaza sakafuni, akasema nikikunje. Nikamwuliza tangu lini amesahau kukunja kitambaa. Akasema nikikunje tu. Nikakikunja. Akasema tena, polepole, kidole gumba kinaziba. Kumbe ana simu mkononi anapiga picha za video. Tena, Baba. Sasa kutoka upande huu. Tena, sasa uiname kama mtoto. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi mvunguni sikuwa na changu, na mgongo wangu huu unaujua! Nilikunja kile kitambaa mara arobaini nikiwa nagomba mwanzo mpaka mwisho. Mteja mmoja aliondoka. Yule mwingine, mama mwenye gauni la mahafali, akawa anahesabu kwa sauti kunisaidia.

Sikumwuliza ni ya nini. Naye hakusema. Unajua ukaidi wa ukoo huu ulivyo, hauchagui mwenye kwenda wala mwenye kubaki.

Sasa nafasi ya pili, Jumanne iliyopita. Mimi sikualikwa. Nilikwenda. Mwalimu akanikalisha nyuma kabisa karibu na feni, akaniambia kanuni ya kimya inanihusu pia, na kwamba nikifanya lolote anayefeli ni Pini. Safari hii Pini alimleta mkunga mstaafu anayekaa karibu na bweni lao, mama mnene mchangamfu, miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Pini alikaa nyuma yake na daftari. Nikaiona shingo yake imekauka kama ubao. Akifeli hapa amerudia mwaka, na akirudia mwaka kiapo changu kinamsubiri kibandani. Nilikaa pale nikijua hivyo, na sikuwa na pa kukitema.

Dada, yule mama alinitoa roho. Anakwenda kwenye pasi, anaigusa, anacheka. Anakwenda kwenye kioo, anakiangalia kisichana kinavyojiangalia. Anasema, “Hebu ona kalivyo kazuri!” Dakika tano zikaenda. Anapanda kiti, anashuka kiti. Dakika nane. Nikatoa leso nikaiuma. Ningeweza kuvumilia mteja anayebadilisha kola mara saba, lakini huyu hapana! Mlango uko pale, mama, pale!

Dakika ya kumi na moja akakipeleka kisichana kwenye kitambaa. Nikafumba jicho moja. Kisichana kikafika ukingoni, kikasimama chenyewe. Mkunga anabonyeza, hakiendi. Kikaangalia ndala zake. Kikaangalia kitambaa. Kikakuna kichwa. Mkunga naye akakuna kichwa, nakuapia, kwa kile kile kidude. Kisha akajaribu kitufe kingine, akasema polepole, kama anayeongea na mzazi, “Haya, mama, inama.”

Kikainama.

Kikashika pembe mbili, kikakung'uta. Kikakutanisha pembe, upande wa chaki ndani ili isifutike. Kikakunja tena kwa urefu. Kikalaza kiganja, kikapitisha kutoka kwake kwenda mbele, kunyoosha. Yote hayo nilikuwa nimeyafanya mara arobaini, nikayajua. Kikaweka kitambaa mezani, na kabla hakijaondoka, kikakipiga makofi mawili madogo, pa-pa, kama mtu anayemlaza mtoto.

Dada, mimi sikujua kwamba huwa napiga yale makofi mawili. Naapa sikujua. Unayakumbuka lakini. Kila kitambaa alichowahi kukunja Mama, pa-pa, halafu ndipo anainua uso kukuuliza unataka nini. Nilifikiri alikwenda nayo kaburini. Kumbe yamekaa mkononi mwangu miaka yote hii, na aliyeyaona ni mtoto niliyemwita mpiga kelele asiyeona kitu.

Sakafu ikawa tupu. Kisichana kikapita katikati, mbio, ndala zinalia, na mkunga akaufungua mlango kwenye dakika ya kumi na tatu. Akaanza kupiga vigelegele. Pini hakusema neno mpaka mwalimu alipobonyeza saa, halafu akageuka, hakumwangalia mwalimu, aliniangalia mimi. Nilikuwa na leso mdomoni. Nikaitoa, nikamwambia mkasi bado uko kwenye msumari usio wake.

Amefaulu. Anaingia mwaka wa tatu. Kiapo changu kimekufa na sitakula kingine, maana naona havinipendi. Cherehani ya pili nimeisogeza dirishani vilevile. Anaitumia mama wa gauni la mahafali, anayesema alivyoniona nikikunja ametamani kujifunza, na anakata vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Na Pini ameshaniambia chumba cha pili kitakuwa tayari mwezi ujao na nisipange kazi siku hiyo. Nimemwambia nina kazi. Ameandika tarehe ukutani kwangu kwa chaki yangu mwenyewe.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote, wa sweta na wasio wa sweta. Jirani seremala anakusalimu, anauliza kama huko milango hujifungua yenyewe kweli. Wifi yako anakusalimu na anasema ule uzi wa kijani uliomtumia ukiuona tena, usimsahau. Pini atakuandikia mwenyewe, akipata nafasi kati ya kuzamisha watu na kuwazamua. Mungu akulinde, akulindie na goti.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Siku ile ya usaili wako wa kwenda huko, ulipokuwa umechelewa, ukakatiza katikati ya kitambaa cha bibi harusi na miguu yako yenye maji, nilikuwa chini ya meza. Niliziona nyayo tano. Mama hakukupigia kelele, alikifua mwenyewe bila neno, na wewe ukaenda zako. Tangu siku ile hujawahi kuvuka meza. Kila ukija unakaa kiti cha wateja pale mlangoni, na mimi miaka yote nilidhani ni maringo ya watu wa mbali. Nisamehe. Mwakani ukija, na ukikuta nimetandaza chini, usizunguke na usikae hapo mlangoni. Niite tu. Nitakikunja, upite.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa amekasirika,

Bobini